Mkono Juu ya Dashibodi

Simu ililia nikiwa chini ya lori la mteja, mgongo kwenye gunia, nikigombana na nati iliyokataa kufunguka tangu asubuhi. Namba sikuijua. "Salaam aleikum, mzee," sauti ya kijana ikasema. "Mimi ni Ismail, mtoto wa Dahir, wa Isiolo. Baba ametutoka jana alfajiri. Tumeshamzika." Nikasema pole, nikasema tena pole, kwa sababu mtu mzima akipewa habari ya msiba hutafuta la pili la kusema asilipate. Ismail akaendelea, "Alikuwa anakutaja sana, mzee. Sana. Tungefurahi ukija kwa tazia." Nikamwambia nitakuja. Kisha nikabaki palepale chini ya lori, simu kifuani, grisi ikinidondokea shingoni, na nasema kweli hata kama ni aibu: sikuhisi huzuni. Nilihisi hasira ya mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka. Dahir alikuwa ameniahidi neno moja, nililingoja miaka karibu arobaini, na sasa amekwenda nalo.

Naishi Nanyuki, nina gereji yangu, na Isiolo ni safari fupi ya lami siku hizi. Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo tuyaache. Hayasaidii kitu hapa. Lililo muhimu ni mwaka mmoja tu, themanini na nne, ambao watu wa Isiolo mpaka leo huuita mwaka wa unga wa njano. Mvua zilikuwa zimekataa. Ng'ombe walikufa njiani wakielekea sokoni Oldonyiro, na sisi wa mjini tulikula ugali wa mahindi ya rangi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ugali ulionuka kama chakula cha kuku na ambao hata ukiwa na njaa ulikuwa unautafuna ukiangalia pembeni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, fundi wa injini katika ua wa Haji. Haji alikuwa na jina lake, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa na malori manne, duka la jumla, na sebule ambayo ukutani kulikuwa na picha ya babake akiwa amevaa sare ya jeshi la Mwingereza, miguu imefungwa vitambaa mpaka magotini, macho makali kama anayekuuliza umetumia wapi siku yako. Mimi, Mutuma, ni Mmeru na Mkristo, wao ni Wasomali na Waislamu, na kwa miaka mitatu nilikula katika ua ule kama mtoto wa nyumba. Asubuhi anjera, zile chapati laini za Kisomali, na samli, mchana wali ukipatikana, na siku za heri nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli mpaka inakuwa tamu ya kukufanya usahau adabu. Nilikula sinia moja na Dahir, mtoto wa Haji, ambaye tulikuwa rika. Wahenga walinionya kwamba mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Niliusikia msemo huo shuleni nikaandika insha juu yake, nikapata alama nzuri, na sikuelewa kitu.

Mbali na malori, ua ule ulikuwa na pikapu mbili za Kimarekani, na hizo ndizo zilizoujaza mji maneno. Ya kwanza tuliiita Ayeyo, yaani nyanya, mama wa mzazi, kwa Kisomali. Iliundwa miaka ya hamsini, mabega ya mviringo, uso kama wa mama mnene aliyekasirika kidogo. Chini ya boneti ilikuwa na injini ya silinda nane, na enzi zake, ilipoletwa na mlowezi mmoja wa upande wa Timau, inasemekana hapakuwa na gari la mizigo lililoweza kuifuata mlimani. Gia zilikuwa tatu tu, mkono wake shingoni mwa usukani. Breki zake ulizikanyaga ukiwa umeanza kuomba. Lakini ilikuwa nyepesi, ilikuwa juu, na injini yake ilikuwa na nafasi kubwa ya hewa pembeni kiasi kwamba niliweza kusimama ndani ya boneti na kufanya kazi kama niko jikoni. Ya pili tuliiita Mzungu, kwa sababu iliachwa na Wazungu waliokuja kutafuta mafuta kaskazini, wakachimba, wasipate, wakauza vitu vyao na kwenda. Mzungu alikuwa wa mwisho wa miaka ya sabini. Yeye pia silinda nane, lakini zile nane zake zilikuwa nane za jitu. Kabureta ilikuwa na midomo minne. Ukikanyaga kidogo ilinywa kwa miwili, ukikanyaga mpaka chini yote minne ilifunguka, na ulikuwa unasukumwa kitini kama umepigwa teke. Gia zilijibadilisha zenyewe. Usukani ulizungushwa kwa kidole. Mara ya kwanza nilipolisikia gari hilo likinguruma pale uani, mbuzi wa jirani walikata kamba.

Mchana, wakati wa jua kali ambapo hata mkono wa spana huwezi kuushika, mabishano yalihamia hotelini nyuma ya msikiti. Nilikaa kwenye benchi la ukutani na kikombe changu nikisikiliza. Upande wa Ayeyo kiongozi alikuwa dereva wake, Mzee Guyo, Mborana wa Korbesa, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Upande wa Mzungu alikuwa Dahir, ambaye hakuwahi kusema kitu kwa sauti ya chini tangu azaliwe.

"Hiyo Mzungu ni nguvu ya bure," Guyo alisema. "Inakunywa petroli kama ngamia imetoka Merti."

"Ngamia akikunywa si anafika?" Dahir akajibu. "Hiyo Ayeyo yako ikiona kilima inaanza kukohoa."

"Inakohoa lakini inapanda. Yako saa sita ikifika inalala barabarani, mnaimwagia maji kama maiti."

Hotelini watu walicheka, na nilicheka pia ingawa aliyemwagia maji nilikuwa mimi. Alikuwa amesema kweli. Mzungu aliundwa kwa nchi nyingine. Injini yake ilijazwa vitu mpaka hapakuwa na pa kupitisha hewa, na jua la Isiolo likipanda, petroli ilichemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye kabureta, gari likazimika katikati ya safari. Dawa niliitafuta mwenyewe: nililizungushia paipu lile gunia la katani nikalilowesha, na kila baada ya mwendo fulani nikashuka kulilowesha tena. Haikuandikwa katika kitabu chochote cha Mmarekani. Ilifanya kazi.

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao gunia halikuweza kuuponya. Usukani wa Ayeyo ulikuwa kulia, wa Mzungu kushoto. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva wa Mzungu alikaa ukingoni kabisa, karibu na miiba, na akitaka kupita lori lililo mbele yake haoni kitu ila tako la lori hilo. Anayeona ni aliyekaa kulia. Kwa hiyo Mzungu hakuweza kwenda popote bila mtu wa pili, na mtu huyo alikuwa mimi. Guyo ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, maana ujanani aliwahi kuendesha gari la namna hiyo. Kwa ngurumo ile na madirisha wazi, sauti haikusikika, na Guyo alisema mdomo ni kitu cha upepo. Alitufundisha mkono. Nitoe kichwa dirishani niangalie mbele, na mkono wangu wa kushoto niuweke juu ya dashibodi, mbele ya macho ya dereva. Mkono ukiwa chini, umekandamiza, maana yake bado. Mkono ukiinuka, pita. "Hapo hakuna mchezo," aliniambia, akinishika kiganja na kukibana kwenye dashibodi mpaka nikahisi chuma. "Mkono yako ikiwa chini, hiyo ni maisha ya watu." Dahir alitandika kipande cha zulia la kijani pale, na baada ya miezi michache kiganja changu kilikuwa kimekula manyoya yake, pakabaki doa la mkono.

Sasa nieleze nililolitaka mwaka ule, kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Nilimtaka Ayeyo. Kijana mwingine angemtaka Mzungu, lakini mimi nilikuwa nimemfungua yule nyanya mpaka mfupa wa mwisho na nilijua hana uongo. Akiumwa, anakwambia anaumwa wapi. Nilitaka nimchukue nianze kazi yangu mwenyewe, nibebe mizigo ya watu wa Kulamawe, nisiitwe tena fundi wa Haji. Nililisema jioni moja sebuleni, tumekaa kwenye mito, birika la chai ya maziwa ya ngamia katikati, na Haji akacheka mpaka machozi. Alikuwa amechoka na mabishano ya hotelini. Akasema mbele ya Guyo, mbele ya Dahir, mbele ya wageni wawili kutoka Garba Tula: "Basi tumalize. Siku ya Alhamisi gari zote mbili ziende Kulamawe na unga, mzigo sawa, zirudi. Ayeyo akishinda, anaendelea na kazi yake na Dahir anyamaze. Mzungu akishinda, Ayeyo ni wa Mutuma. Mtu ameosha bibi ya mwingine miaka mitatu, si apewe?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Guyo aliniangalia pembeni, akatabasamu kidogo. Ndivyo nilivyokuwa mtu pekee mjini aliyempenda Ayeyo na kumwombea ashindwe.

Dahir alinishika bega tulipotoka nje. "Alhamisi wewe ni macho, mimi ni mguu," alisema. "Ayeyo nitakupa mimi, wallahi." Nilimwamini. Sikuwa na sababu hata moja ya kutomwamini.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Kwenda, Ayeyo alituacha. Barabara ya Kulamawe miaka hiyo ilikuwa mawe, mchanga, na mashimo yaliyochimbwa na mvua za zamani, na Guyo alimpitisha nyanya wake humo kama mtu anayevuka chumba chenye watoto waliolala. Mzungu alitaka kukimbia, na pale hapakuwa na pa kukimbilia. Alirukaruka, akazama, akanguruma, akazimika mara mbili, nikashuka na dumu langu kulowesha gunia. Tulipofika, Guyo alikuwa ameshashusha mzigo wake wote, amekaa mbele ya duka akinywa chai. "Karibuni wageni," alisema. Tukala pamoja mbuzi wa kuchemsha, wote watatu sahani moja, na Dahir hakumaliza kula. Alikuwa anaangalia barabara. Nilimwona anaumia, nikadhani ni njaa ya ushindi tu, ile ambayo kijana yeyote anayo.

Kurudi, magari yalikuwa matupu, na kuna sehemu ndefu ambapo ardhi ni tambarare na udongo umekaza. Hapo Mzungu akapata nchi yake. Dahir alikanyaga, ile midomo minne ikafunguka, na nakiri kwamba nilisahau Ayeyo, nilisahau kila kitu, nikapiga kelele kwa furaha. Sijawahi tena kwenda kasi namna ile katika gari la mtu. Baada ya muda tuliona vumbi mbele, na ndani ya vumbi Ayeyo. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata kidogo. Kwa kawaida vumbi la barabara ile huliwa na upepo likaenda upande wa vichakani, lakini siku hiyo lilisimama kama ukuta. Nikatoa kichwa. Sikuona kitu. Nikaweka mkono chini.

"Sema!" Dahir alipiga kelele, kwa jinsi nilivyoona mdomo wake. Nikakandamiza zaidi. Akapiga honi. Guyo asingeweza kuisikia. Akaniangalia mimi, akauangalia mkono wangu, na hili ndilo nililobeba maisha yangu yote: aliuangalia. Hakuwa haoni. Alitazama kiganja changu kilichobanwa juu ya lile zulia la kijani, kisha akazungusha usukani kulia kwa kidole kimoja na kukanyaga. Tulikuwa sambamba na mlango wa Guyo lori la mbuzi lilipotokea ndani ya vumbi. Dahir akarudi kushoto, na kushoto kulikuwa na Ayeyo. Mzungu alikuwa mzito, alimsukuma nyanya kama unavyosukuma kiti, na Ayeyo akabingirika mara moja na nusu mpaka mtaroni. Lori likasimama mbele. Sisi hatukupata hata mkwaruzo. Guyo alikuwa hai, na mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya mlango.

Watu wa lile lori walitusaidia kumwinua, tukamlaza nyuma ya Mzungu, nami nikakaa naye huko nyuma nikimshika kichwa mpaka hospitalini Isiolo. Alikuwa anasema maneno ya Kiborana ambayo sikuyajua. Jioni, katika veranda ya hospitali, Dahir alikuja akakaa kando yangu kwenye saruji. Alikuwa analia. Akasema, "Mutuma, mzee akijua nilipita mkono iko chini, ataniondoa kwa magari yote. Ananiozesha baada ya Ramadhani. Na ndugu za Guyo je? Watasema nimefanya makusudi." Nikamuuliza anataka nifanye nini. "Ukiulizwa, usiseme kitu. Nyamaza tu. Guyo akitoka hospitali, mimi mwenyewe nitamwambia, nitamwambia na mzee. Kwa mdomo yangu. Wallahi, Mutuma." Nikamwambia sawa. Naliandika neno hilo hapa na mkono unaniuma. Nilidhani rafiki ameniomba kimya. Sikujua kimya hicho kina kazi.

Siku ya tatu tuliitwa sebuleni. Walikuwepo Haji, ndugu wawili wa Guyo waliotoka Korbesa na vumbi bado miguuni, na mzee mmoja wa msikiti. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa. Chini ya ile picha ya askari, Haji akamuuliza mwanawe: "Mkono ilikuwa wapi?" Dahir akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Iliinuka, baba. Mutuma aliinua mkono, nikapita." Kulikuwa na nzi anatembea ukingoni mwa kikombe changu, nakumbuka nilimwangalia yule nzi alipozunguka kikombe chote. Haji akanigeukia. "Mutuma. Ni kweli?" Nilimtazama Dahir. Alinitazama kwa macho ya mtu anayezama, nami mjinga nikaona rafiki, nikaikumbuka ahadi yake, nikasema, "Kulikuwa na vumbi, Haji." Basi. Ndilo lililonitoka. Si ndiyo, si hapana, vumbi. Ndugu wa Guyo wakatazamana. Mzee wa msikiti akasema ajali ni kudura ya Mungu. Haji akashusha pumzi, na nikaona mabega yake yakilegea, kwa sababu mtoto wake amepona. "Fundi hajakosa kwa ubaya," akasema. "Atasamehewa." Akaahidi kumtibu Guyo na kumtunza, na mambo yakaisha pale kwa dua. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya ua, ambako walikuwa wamemvuta Ayeyo na kumwacha. Paa limekaa juu ya viti. Injini ilikuwa nzima.

Guyo alikatwa mguu juu ya goti. Alikaa hospitali wiki nyingi, na mimi nikahesabu siku kama mfungwa. Alipotoka, nilimwendea Dahir. Akasema ngoja apate nguvu. Guyo akapata nguvu. Dahir akasema tumalize Ramadhani. Ramadhani ikaisha, akasema harusi. Nilikwenda harusini nikala pilau yake, na aliponiona akanikumbatia mbele ya watu wote, nao wakasema tazameni moyo wa mtoto wa Haji. Siku ile nilielewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenzio amevaa kanzu mpya. Hotelini walishaanza kunipa nafasi kubwa kwenye benchi, kubwa mno. Dereva wa lori akinitania aliinua mkono juu taratibu, wenzake wakacheka. Mzungu alipata mtu mwingine wa kukaa kulia.

Nikaamua kumwambia Guyo mwenyewe. Nilimkuta nje ya nyumba ya dada yake, mtaa wa Bula Pesa, amekaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa na kufungwa kwa kamba. Nilikuwa nimeleta sukari na majani ya chai. Sikuzungusha maneno. "Mzee, mkono wangu ulikuwa chini." Alitazama mbuzi waliokuwa wanakula karatasi. Kisha akauliza, bila hasira: "Kwa Haji ulisema nini?"

"Nilisema vumbi."

"Kwa Haji vumbi. Leo chini." Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nilikufundisha hiyo mkono. Nilishika hii mkono yako na yangu. Kama ilikuwa chini, mbona hukuniwekea chini mbele ya watu?"  Nilitaja ahadi, nilimtaja Dahir, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba nasikika kama mwongo. Guyo alinirudishia sukari. Majani ya chai aliyabakisha, nadhani kwa sababu dada yake alikuwa ameshayapokea. Alirudi Korbesa, na akafa huko baada ya miaka miwili akiamini kwamba mguu wake niliuchukua mimi. Dahir alinisaliti mara moja sebuleni. Mimi pia nilimsaliti Guyo sebuleni humohumo, dakika ileile, na hiyo ndiyo sababu sijawahi kulala vizuri juu ya jambo hili. Niliondoka Isiolo kabla mwaka haujaisha, na sanduku la spana tu. Kuku walikuwa wameanza kutaga ndani ya Ayeyo.

Watu wa gereji yangu wakibishana siku hizi, vijana wanaoangalia magari ya Marekani kwenye simu zao, huniuliza, mzee, wewe umeyafungua, ya zamani na ya baadaye, yapi yalikuwa bora? Huwapa wanachotaka: ya miaka ya sabini yalikuwa na nguvu zaidi, ya hamsini yalivumilia zaidi. Ni kweli, lakini si jibu langu. Jibu langu ni kwamba dereva wa Ayeyo aliiona barabara kwa macho yake mwenyewe, na akikosea, kosa lilikuwa lake. Nguvu zote zile za Mzungu zilitegemea mkono wa mtu mwingine, na uaminifu wa anayeutazama.

Nilifika taziani saa nane mchana. Hema lilikuwa mbele ya nyumba ileile, mikeka imetandikwa, wanaume kama thelathini, wengine wazee niliowatambua kwa pua na masikio yao tu. Ismail akanipokea kwa mikono miwili. Ana sura ya babake, na hilo lilinisumbua. Aliniuliza kama nataka kuona gari, nikasema ndiyo. Mzungu alikuwa nyuma ya ua, hana magurudumu, dashibodi imepasuka kwa jua. Kipande cha zulia hakikuwepo. Tukarudi tukakaa, nikapewa chai, nikaishika kwa mkono wa kulia, na Ismail akasimama kunitambulisha.

"Huyu ndiye Mzee Mutuma," alisema. "Baba alitulea na hadithi yake. Tulikuwa tukigombana nyumbani, anatukalisha, anatuonyesha." Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele yake, hewani. "Mkono chini, bado. Mkono juu, pita. Mzee huyu, kijana wakati huo, aliinua mkono vibaya, mtu akapoteza mguu, na babu angeweza kumfunga. Baba akamsamehe. Akamwita kwa harusi yake. Alikuwa anatuambia, nyinyi mnashindwa kusameheana kwa kalamu, mimi nilimsamehe Mutuma kwa mguu wa Mzee Guyo." Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema mashallah. Macho ya Ismail yalikuwa na machozi, na hayakuwa na uongo wowote. Kijana wa watu alikuwa ananiheshimu. Kwa miaka yote hiyo nilidhani Dahir alikuwa ameificha siku ile, ameifukia, anaikimbia kama mimi. Kumbe alikuwa anaipakua mezani kila watoto wake wakikosana. Alikuwa ameila na kushiba.

Kisha mzee wa msikiti, mtoto wa yule wa zamani, akanigeukia kwa upole, kama desturi inavyotaka. "Tunawaomba wote waliomjua. Marehemu ni binadamu. Kama alikukosea kwa neno au kwa kitendo, tunaomba umsamehe, mzee, apate njia. Umemsamehe?"  Wote hemani walingoja neno moja dogo, ambalo kila mtu pale alikuwa ameshalisema, na ambalo lingemgharimu msemaji nukta moja tu. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho nilipofungua mdomo katika nyumba ile nilisema vumbi.

Nikaufunga. Nikaona Ismail hanitazami usoni tena. Anatazama chini kando yangu, ambako mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya mkeka, na nikaona uso wake ukibadilika taratibu, kwa kuwa babake alimfundisha kuusoma mkono ule. Kiganja kilikuwa chini, kimekandamiza, na sikukiinua.